Pori Lisiloandikwa Jina

Bhopasar, 9 Oktoba 2021

Jetharam,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: unakula, unalala chini ya feni, mshahara unaingia. Ya kwetu ndiyo nataka uijue.

Jana niliwapeleka ngamia kwenye pori la Devi Jhinkar nikakuta vigingi. Vya chuma, vichwa vimepakwa rangi nyekundu, vimepigwa kuanzia upande wa bwawa, vimezunguka pori lote na kurudi. Kulikuwa na kijana wa kampuni yako amekaa kivulini anakula karanga. Nikamuuliza, "Nani kawaruhusu?"

"Serikali, mama. Ardhi hii haina mwenyewe."

"Haina mwenyewe? Na hilo hekalu pale kajenga babako?"

"Mama, mimi nimetumwa tu."

"Na aliyekutuma katumwa na nani?"

Akanipa karanga. Nusura nimpige fimbo ya ngamia.

Sasa nijibu wewe. Mwezi uliopita, siku ya maziwa, ulipiga simu ukasema wanakuja wapimaji watatu, tuwapokee vizuri, wanachora ramani ya kulilinda pori. Tukawapokea. Mama aliwafunga vilemba vyekundu kwa mikono yake. Tulipoanza kulizunguka pori tukimwaga maziwa chini, kama tunavyofanya kila mwaka baada ya mvua ili mpaka wa Devi, mungu wetu wa kike, usisahaulike, vijana wako walitufuata nyuma na kifaa chao kikilia pii, pii. Wakaomba nao wabebe vyungu. Tukacheka, tukawapa. Wazee wakasema, mwone mtoto wa marehemu, amekwenda mjini na hajasahau kwao.

Jetharam, vigingi vimefuata maziwa yetu kama mbwa anavyofuata harufu. Palipopinda maziwa, vimepinda. Pale ambapo Mama alijikwaa na chungu kikamwagika pembeni, kigingi nacho kimekwenda pembeni.

Usinipigie simu, namba yako nimeifungia. Kwenye simu una sauti ya marehemu baba, na sauti hiyo hunisahaulisha nilichokasirikia. Andika. Nataka niyaone maneno yako yakiwa peke yake.

Dada yako,
Hanja


Jodhpur, 25 Oktoba 2021

Dada Hanja, mwenye hasira za ngamia dume wakati wa baridi,

Ram Ram. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimesimama, maana nilihisi utatokea ndani ya bahasha na hiyo fimbo.

Ramani ilikuwa ya kulilinda pori. Ndivyo bosi wangu, Bwana Lodha, alivyoniambia, na ndivyo nilivyowaambia ninyi. Baadaye makao makuu wamebadilisha mpango. Hekalu haliguswi, nimeahidiwa. Watalijengea ukuta na kuliwekea paa la bati, na watu watapita kusali muda wowote kwa kujiandikisha getini.

Lakini dada, hebu tuzungumze kama watu wazima. Unajua kinachojengwa hapo ni nini? Ni umeme wa jua. Hauna moshi, hauna makaa ya mawe. Mei iliyopita hapa Jodhpur watu walikuwa wanaanguka barabarani kwa joto. Wewe mwenyewe uliniambia mvua za siku hizi hazina adabu. Nani kaziharibu? Moshi. Na dawa ya moshi ni nini? Ni hiki ninachokifanya. Mimi siwindi nyara, dada. Asubuhi ninapoamka nakwenda kazini bila aibu.

Na tusidanganyane kuhusu ngamia. Dume wa miaka mitatu mwaka huu mnadani hakufikia bei ya pikipiki mbovu. Vijana wote wa kwetu wako Surat wanabeba marobota ya vitambaa. Kampuni itaajiri arobaini, walinzi na waosha paneli. Arobaini, Bhopasar! Lini pori limeajiri mtu?

Kama kuna mwenye kosa, basi ni babu. Karani wa vipimo alipopita vijijini miaka ile, kila mwenye akili aliandikisha ardhi. Babu alikataa hata jina lake mwenyewe lisiandikwe. Ndiyo maana serikalini pori letu ni "nyika isiyotumika". Mimi siwezi kubishana na hilo.

Msalimie Mama. Mwambie nguo nzito nitaleta mwenyewe.

Mdogo wako,
Jetharam


Bhopasar, 12 Novemba 2021

Jetharam,

Babu ulimkuta amekufa, kwa hiyo kaa kimya nikwambie mimi niliyelelewa magotini pake.

Karani alikuja na meza yake ya kukunja, akaiweka hapo hapo hekaluni. Akamuuliza babu, "Hili pori niandike jina la nani?"

Babu akasema, "Andika Devi Jhinkar."

"Na Devi atatia dole gumba wapi?"

Watu wakacheka. Babu hakucheka. Akasema, "Basi usiandike. Nani mwenye uso mkavu wa kuandika jina lake juu ya nyumba ya Devi, kesho wanawe waigawane?"

Ndiyo, lilikuwa kosa. Kosa la mtu mwenye haya aliyedhani na serikali ina haya. Lakini nikwambie kitu: angeliandika jina lake, urithi ungeshuka kwa baba, ukashuka kwako, na leo wewe ungeshakuwa umeuza. Afadhali limeibwa kuliko kuuzwa na mjukuu.

Unauliza lini pori limeajiri mtu. Ukame ule mkubwa, mwaka ambao wewe ulikuwa unanyonya, vijiji vyote vya upande huu vilihama na mifugo ikafa njiani. Sisi hatukuhama. Tulikula maganda ya mti wa khejri yaliyokaushwa, ngamia wakala majani yake, tukanywa bwawa lile ambalo maji yake yanatoka porini, siyo mbinguni moja kwa moja. Maziwa uliyokunywa wewe yalitoka kwenye pori hilo. Hakuna mti uliokatwa humo, hata tawi lililoanguka lenyewe hatulipeleki jikoni. Hatujawahi kuuza hata jani. Kwa kuwa hatujauza, kwenye hesabu zenu pori ni sifuri. Mngelikuta tumelikata na kuuza kuni, mngeandika kwamba lilikuwa na faida.

Na jua sijalikataa. Wekeni hizo sola juu ya mapaa ya Jodhpur, yamejaa matangi mabovu na nguo. Wekeni juu ya mfereji. Wekeni kwenye mashamba ya wanaotaka kuuza, wapo wengi na wanalia njaa. Jua hapa liko kila mahali, mpaka tumelichoka. Ninyi hamtafuti jua. Mnatafuta ardhi ya bure.

Tena niambie, hizo paneli zikishika vumbi mtaziosha kwa maji ya wapi? Usijibu. Nimeliona bomba, limelazwa kuelekea bwawani.

Hanja


Jodhpur, 3 Desemba 2021

Kwa: Bi. Hanja,
Mwakilishi wa Wachungaji,
Bhopasar.

YAH: MRADI WA NISHATI ENDELEVU, USHIRIKISHWAJI WA WADAU

Tafadhali rejea mada tajwa hapo juu.

Kampuni inapenda kuwashukuru wanajamii wa Bhopasar kwa ushirikiano mkubwa waliouonyesha katika zoezi la utambuzi wa mipaka lililofanyika mwezi Septemba. Kwa kuwa wanajamii wenyewe, kwa hiari, waliwaongoza wapimaji kuzunguka eneo lote la mradi, Kampuni inachukulia kuwa ridhaa imeshatolewa, na kwamba hakuna mdau mwenye pingamizi.

Kampuni imejizatiti kuhakikisha maendeleo endelevu yenye kuleta uwiano kati ya uchumi na mazingira kwa manufaa ya vizazi vijavyo.

Wachungaji mnaombwa kuondoa mifugo yenu ndani ya eneo husika mapema iwezekanavyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Jetharam
Afisa Uhusiano wa Jamii


Bhopasar, 20 Desemba 2021

We Jetharam!

Bi. Hanja! Mimi? Niliyekufuta kamasi kwa pindo la nguo yangu mpaka ukatimiza miaka sita, leo naitwa Bibi na "mada tajwa hapo juu"? Nimemsomea Mama barua yako. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Hii imetoka mahakamani?" Nikamwambia imetoka kwa mwanao. Akasema haiwezekani, mwanangu hawezi kuandika ukurasa mzima asiulize nimekula nini.

Eti tuliwaongoza kwa hiari. Tuliwaongoza kwa neno lako wewe! Kwa sababu mgeni wa Jetharam ni mgeni wetu. Na vizazi vijavyo unavyovitaja ni vipi, vya nani? Wa kwetu wana majina. Mmoja ni mwanangu Dhapu, mmoja ni mtoto wako mwenyewe.

Sasa na mimi nakupa taarifa, Bwana Afisa. Tumepeleka shauri kwa Mkuu wa Wilaya, litasikilizwa Machi. Tangu wiki jana kuna watu porini usiku na mchana, zamu kwa zamu, wazee kwa wanawake, wamelala miguuni mwa miti. Makatapila yenu yalikuja mara mbili yakageuza. Dereva hawezi kumkanyaga mtu hivi hivi, si kwa posho mnayowalipa.

Nina jambo la pili, nalo silisemi kwa kupenda. Dhapu anaolewa tarehe 11 Februari. Baba yake hayupo duniani, kwa hiyo wewe mjomba wake usipokuja na zawadi za mjomba, wakwe watamcheka mpaka azeeke. Ningekuwa na hiari ningemwita mjomba wa kukodi. Lakini Mama anasema ugomvi wa watu wazima usimnyime mtoto heshima yake. Basi njoo. Mama amealika kijiji kizima, hata wanaolinda pori watashuka kula, maana huwezi kumwita mtu Raika, mchunga ngamia mwenzako, halafu umnyime karamu ya harusi.

Njoo kama mjomba. Huyo afisa mwache ofisini.

Hanja


Jodhpur, 8 Januari 2022

Dada yangu, dada yangu,

Umenialika! Mke wangu aliponiona nacheka peke yangu na barua mkononi alidhani nimeshinda bahati nasibu.

Kwanza, ile barua ya Desemba. Inaandikwa moja, inatumwa vijiji vyote, tunabadilisha majina tu. Nilipoona jina lako mwenyewe mkono ulisita, lakini nikasaini. Nisamehe. Hapa ofisini ukisita mara mbili wanakuuliza kama unaumwa.

Nimeshanunua shela. Jekundu, lenye nyota za dhahabu, la kukufunika wewe kichwa siku hiyo mbele ya wakwe, kama kaka anavyotakiwa. Nimewanunulia na Mama na shangazi. Za Dhapu sisemi, utaziona. Nimekopa kidogo na wala sijali. Nani alisema Dhapu hana mjomba?

Ruhusa nimepata kirahisi ajabu. Niliingia kwa Bwana Lodha na maneno nimeyakariri, maana Februari ndio mwezi wa kazi nyingi. Nikamweleza harusi ni ya mpwa wangu, ni tarehe 11, na kwamba hata nikibaki ofisini siku hiyo sitakuwa na mtu wa kuongea naye, kwa sababu kijiji kizima kitakuwa kwetu na porini hakutakuwa na hata mbuzi. Akacheka. Akaniruhusu papo hapo, akaniongezea na siku moja juu. Halafu akatoa seti ya sufuria za chuma cha pua, zawadi ya bibi harusi. Unaona? Unamchora kama jini, kumbe ni mtu mwenye watoto kama wewe.

Baada ya harusi tutakaa, mimi na wewe na Mama, tuzungumze kuhusu pori bila kupiga kelele. Nina mawazo. Huenda nikawashawishi waache angalau upande wa bwawa.

Mwambie Dhapu mjomba anakuja na ngoma.

Jetharam


Bhopasar, 15 Februari 2022

Jetharam,

Nilitaka kukuandikia siku ile ile, nimeweza leo.

Ulinifunika shela mbele ya watu. Wanawake wakaimba kaka amekuja, kaka ameleta nyota. Nililia, Jetharam. Nililia kwa furaha, mbele ya wakwe, mimi mjinga. Ngoma zilikuwa zinapigwa kwa nguvu kiasi kwamba hatukusikia kitu kingine chochote. Na ni nani aliyeleta wapiga ngoma? Ni wewe.

Vumbi ndilo lililotuambia. Tulipokuwa tunamsindikiza Dhapu kwenye gari, mzee Mularam akanyoosha mkono, akasema, "Dhoruba ya vumbi mwezi wa Februari?"

Ulikimbia pamoja nasi, najua, nilikuona. Tulikimbia na nguo za harusi. Ulisimama pale kwenye vigingi na viatu vyako vya kung'aa, simu yako ikalia, ukaipokea. Ukaipokea! Mimi nilikuwa nimemshika dereva wa katapila miguu. Na hukusikia aliyosema, kwa hiyo nakuandikia neno kwa neno:

"Mama, niachie, mimi sina ubaya nanyi. Tuliambiwa leo hakuna mtu. Tuliambiwa kijiji chote kiko harusini."

Nikamuuliza, "Nani aliwaambia?"

Akasema, "Ofisini wanajua. Tarehe waliipata mapema, hata mafuta tuliwekewa tangu wiki iliyopita."

Nilipogeuka kukutafuta, ulikuwa umepanda basi. Hukumuaga Mama. Hukumuaga bibi harusi.

Upande wote wa magharibi umekwisha, kuanzia bwawani mpaka njia ya Pokaran. Mikhejri ambayo babu yake babu aliikuta ikiwa mikubwa. Imelazwa pamoja, mizizi juu. Ngamia wetu, lile jike jeusi lililozaa mwezi uliopita, anarudi kila siku palipokuwa na mti wake, anazunguka, anarudi kwangu kunitazama.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi wa kwangu nilimwalika mwenyewe, nikampikia na wali wa sukari. Lile shela ulilileta kunifunika kichwa au kunifunika macho? Nimeliweka zizini, mbuzi mgonjwa analilalia. Sufuria za bosi wako nimezirudisha kwa basi. Kama hazikufika, dereva kazipenda, na azipikie salama.

Shauri linasikilizwa tarehe 21 Machi. Tumeshaelezwa wakili wa kampuni atasema nini: kwamba tuliwazungusha wapimaji wenyewe, kwa hiari, tukicheka, na picha wanazo za vijana wao wakiwa na vilemba vyetu. Mtu mmoja tu duniani anaweza kusimama akasema tuliambiwa nini kabla ya kuwakubali, na aliyetuambia alitumwa na nani.

Ukija, sema. Usipokuja, Mama nitamwambia ulikufa kwa joto la Jodhpur.

Hanja


Jodhpur, 2 Machi 2022

Hanja,

Sikujua. Naapa kwa kichwa cha mwanangu, sikujua. Nilimwambia Lodha mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nikiomba ruhusa. Nilikuandikia hata wewe kwamba nimemwambia, nikimsifia. Yeye aliipata tarehe kutoka kwangu, wewe ulisoma kwamba nimempa, na mimi katikati ndiye niliyekuwa kipofu.

Ile simu niliyopokea ilikuwa yake. Alisema, "Jetharam, usiingilie, tulia, utaelewa baadaye." Ndiyo maana nilipanda basi. Nilitaka kumshika koo. Nilifika ofisini asubuhi na nguo za harusi, nikamkuta anakunywa chai. Nikamwambia, "Umenitumia." Hakukasirika hata kidogo. Akasema, "Kaa chini. Wewe ndiye umetusaidia kuliko mtu yeyote, na kampuni haisahau." Akanisogezea barua. Nimepandishwa cheo, Hanja. Tangu tarehe moja mwezi huu mimi ni Meneja. Sikuikataa hapo hapo. Niliichukua, nikaikunja, nikatoka. Koo lake sikulishika.

Sasa unaniambia nije niseme. Unajua nikisema nini kinatokea? Nyumba hii ni ya kampuni. Shule ya mtoto inalipwa na kampuni. Nani mwingine ataniajiri nikishasimama mbele ya Mkuu wa Wilaya nikawatia doa?

Na mimi pia nina hasira, nisikilize. Kwa nini shetani niwe mimi peke yangu? Kila mwenye simu hapo Bhopasar ananipigia kuuliza nguzo za umeme zinafika lini. Shangazi anataka jokofu. Baba aliuza ngamia kunisomesha, na siku ananipandisha basi alisema, "Usirudi kunusa kinyesi cha ngamia kama mimi." Hamkunituma mjini nikawe mlinzi wa miti! Mlinituma nikapate. Nimepata, sasa mnaniuliza nimepata wapi. Umeme safi ni jambo jema, bado naamini hivyo, na ndicho kinachonichoma. Jambo jema wamelifanya kwa wizi, na mimi ndiye niliyewafungulia mlango huku nikicheza ngoma.

Sijui kama nitakuja. Usimwambie Mama nimekufa.

Jetharam


Jodhpur, 28 Machi 2022

Dada,

Wamenifukuza siku ya pili baada ya shauri. Nyumba natakiwa kuiacha mwisho wa mwezi ujao. Mke na mtoto wamekwenda kwao Pali kwa muda.

Sikuona uso wako vizuri pale ukumbini, ulikuwa umejifunika. Nilitoka kwa mlango wa nyuma kwa sababu vijana wa kampuni walikuwa wananisubiri kwenye wa mbele.

Nauliza tu kama naweza kuja nyumbani.

J.


Bhopasar, 4 Aprili 2022

Jetharam,

Barua yako imefika jana. Nyumbani kwetu hakuna mlango wa kufunga, kuna pazia la gunia, unalijua. Swali lako halina maana.

Kwa kuwa ulitoka kwa mlango wa nyuma, kuna mambo hukuyaona. Uliposema, "Niliwaambia ni ramani ya kulinda pori kwa sababu niliagizwa niwaambie hivyo, na walioniagiza walijua si kweli," yule wakili alimgeukia Lodha wako, na Lodha akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo. Uliposema la harusi, ukumbi ulipiga kelele mpaka karani akagonga meza. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza kwa nini umekonda.

Mkuu wa Wilaya ametoa neno Alhamisi. Upande wa mashariki, wenye hekalu na nusu ya bwawa, usiguswe mpaka kesi kubwa, ile ya mwenye pori ni nani, iamuliwe. Hajasema itaamuliwa lini. Upande wa magharibi amesema kilichofanyika kimefanyika, na wataweka paneli zao. Wameshaanza. Zinamulika mpaka huku zizini, ngamia wanafumba macho.

Wazee wanakusifu. Mzee Mularam anasema umeuosha uso wa baba yako. Watu watakuja kukulaki, pengine na kilemba. Vaa, tabasamu, wafurahishe. Mimi usinitegemee. Ulitoa ushahidi mzuri, nami nilikusikia, na hasira yangu iko pale pale. Miti haikusimama tena uliposema. Umemtoa nyoka uliyemwingiza mwenyewe, tena akiwa ameshauma. Sijui itanichukua muda gani, na usiniulize kila asubuhi kama imeisha. Ikiisha nitakwambia. Isipoisha, nayo utaiona.

Ila ngamia hawasomi hukumu. Nusu ya malisho imekwenda na joto linakuja. Kuanzia sasa itabidi wapelekwe ng'ambo ya barabara kuu, kupita mfereji, huko ambako wenye mashamba wanaturushia mawe. Ni siku nzima kwenda, mtu analala huko huko na mifugo, anarudi wiki inayofuata. Mimi magoti yamekwisha, na Mularam haoni mbali. Vijana, kama ulivyosema, wako Surat.

Mama ameshafua blanketi lako na amemtuma mtu sokoni kutafuta sukari guru. Anadhani unakuja kupumzika. Sikumwambia vinginevyo.

Panda basi la asubuhi Jumatatu. Viatu vya kung'aa viache huko, leta vya kutembelea. Mshahara ni mikate ya uwele, pilipili na maziwa, na chai kama nikiwa na moyo. Jike jeusi anauma, usimkaribie kwa nyuma.

Hujasamehewa, Jetharam. Umeajiriwa.

Hanja